Kocha hana deni la mapenzi, deni lake lipo kwenye mkataba

Kila kocha anayeondoka Msimbazi au Jangwani huku mashabiki bado wanamtaka, mtaani anapewa jina moja: msaliti. Alipewa Sven Vandenbroeck Januari 2021. Alipewa Zoran Maki Septemba 2022. Alipewa Sead Ramovic Februari 2025, na miezi saba baadaye ikawa zamu ya Fadlu Davids.

Akitimuliwa na klabu kuna neno lake pia: kapewa 'Thank You'. Picha yake inawekwa mtandaoni, chini yake mistari miwili ya shukrani na kumtakia kila la heri, kesho yake anatangazwa mwingine na maisha yanaendelea. Hapo humsikii mtu akisema klabu imemsaliti kocha.

Mimi nasema hivi: hatuwezi kuendelea kudai uaminifu kwa upande mmoja. Kocha wa kulipwa haji Dar es Salaam kwa mapenzi ya jezi nyekundu wala ya kijani. Anakuja kwa mkataba. Kama tunataka abaki, au tunataka akiondoka tusiachwe mikono mitupu, jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, liwe na bei, na bei hiyo imbane kocha kama inavyoibana klabu. Tusipofanya hivyo tutalia kila msimu, na kila msimu tutalipa.

WALIOONDOKA WENYEWE

Tuanze na Vandenbroeck. Januari 6, 2021, Simba inaipiga FC Platinum ya Zimbabwe mabao 4-0 Kwa Mkapa na kupindua kipigo cha 1-0 ilichopata Harare. Inatinga makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Watu hawajamaliza hata kushangilia, siku iliyofuata klabu inatangaza imeachana na kocha. Muda si mrefu yupo Morocco, anaifundisha FAR Rabat.

Akaja Maki katikati ya mwaka 2022. Akaandaa timu kwa ajili ya msimu mpya, akapanga kikosi, akaanza ligi. Septemba, ligi ikiwa bado changa kabisa, akaaga. Akaibukia Misri, Al Ittihad ya Alexandria.

Kwa Ramovic ilikuwa kasi zaidi. Yanga ilimtoa TS Galaxy ya Afrika Kusini katikati ya Novemba 2024. Baada ya mwanzo mgumu timu ikachanganya kwenye ligi, mabao yakawa yanamiminika, Wananchi wakapata na msemo wao, "gusa achia, twende kwao". Februari 4, 2025, yeye mwenyewe akaachia, akaenda zake Algeria kuifundisha CR Belouizdad. Hata miezi mitatu haikutimia.

Halafu Fadlu. Huyu alikuwa ameifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025, ikafungwa na RS Berkane kwa jumla ya mabao 3-1. Septemba mwaka huo Simba inakwenda Botswana kuanza Ligi ya Mabingwa, inaifunga Gaborone United 1-0. Kabla ya mechi ya marudiano kocha ameshaondoka, anarudi Raja Casablanca alikokuwa msaidizi kabla ya kuja kwetu. Ikabidi Hemed Suleiman 'Morocco', aliyekuwa kocha wa Taifa Stars, aazimwe akae benchi mechi ya marudiano. Simba ikatoka sare ya 1-1 na kupita kwa jumla ya mabao 2-1. Ingeteleza siku ile, msimu mzima wa kimataifa ungekufa mwezi Septemba.

Sisemi mashabiki wamekosea kuumia. Mtu amenunua jezi, amekata tiketi, ameamini mradi, kisha kiongozi wa mradi anashuka njiani gari likiwa kwenye mwendo. Inauma. Lakini kuumia hakutoshi. Swali la kujiuliza ni kitu gani kilimzuia asiondoke siku ile, na alipoondoka klabu ilibaki na nini mkononi.

WALIOTIMULIWA

Sasa geuza upande wa pili wa shilingi.

Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa ligi na Kombe la FA msimu wa 2023/24. Aliifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya lile bao la Aziz Ki ambalo mpaka leo linabishaniwa vijiweni. Msimu uliofuata akaanza kwa kushinda mfululizo. Novemba 2024 akafungwa mechi mbili, 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United. Novemba 15 kazi ikaisha. Mechi mbili.

Roberto Oliveira 'Robertinho' wa Simba alihitaji mechi moja tu. Novemba 5, 2023, akapigwa 5-1 na Yanga. Siku mbili baadaye hakuwa kocha tena.

Romain Folz alianza kazi Yanga Julai 2025. Septemba akaifunga Simba 1-0 na kubeba Ngao ya Jamii. Oktoba 18 akafungwa 1-0 na Silver Strikers huko Malawi, akafukuzwa siku hiyohiyo, mechi ya marudiano ikiwa bado. Patrick Mabedi akashika timu kwa muda, Yanga ikashinda 2-0 nyumbani na kupita. Mambo yakaisha vizuri, ndiyo, lakini angalia kalenda: Simba ilipotezwa na kocha katikati ya mechi mbili za CAF mwezi Septemba, tukaita usaliti. Yanga ikamtupa kocha katikati ya mechi mbili za CAF mwezi Oktoba, tukaita uamuzi mgumu wa uongozi.

Kocha naye ana macho. Kabla hajasaini anapiga simu kwa mwenzake aliyepita hapa. Anaambiwa kule mishahara siyo mibaya, uwanja unajaa, mashabiki wana mapenzi, ila dabi moja au mechi mbili zinaweza kukurudisha kwenu. Mtu aliyeambiwa hivyo akipigiwa simu na Raja akiwa anashinda, ufikiri atasema nini? Anajua kwamba akisubiri, huenda simu inayofuata ikawa ya mwenyekiti wake.

Gamondi mwenyewe ni somo. Baada ya Yanga kumwona hafai alikwenda Singida Black Stars, kisha akakabidhiwa Taifa Stars kwa muda. Akaivusha hatua ya makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, kule Morocco, na ikatolewa na wenyeji kwa bao moja tu. Kocha hakusahau kazi kwa mechi mbili za Novemba.

MKUKI KWA NGURUWE

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja. Sisi wenyewe tunachukua makocha wa watu katikati ya msimu, na tunafanya hivyo bila haya.

Vandenbroeck alipoondoka Januari 2021, Simba ilimchukua nani? Didier Gomes Da Rosa, aliyekuwa El Merreikh ya Sudan. El Merreikh ilikuwa kundi moja na Simba Ligi ya Mabingwa, na droo ilikuwa imeshafanyika. Simba ilimnyang'anya mpinzani wake kocha, kisha ikakutana naye, ikatoka sare Sudan na kuipiga 3-0 Dar.

Miaka miwili baadaye ikarudia mchezo uleule. Robertinho alikuwa Vipers ya Uganda. Ndiye aliyeitoa TP Mazembe na kuipeleka Vipers hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Droo ikaiweka Vipers kundi moja na Simba. Januari 2023 Robertinho akatua Msimbazi. Simba ikaifunga Vipers nyumbani na ugenini, 1-0 kila mechi. El Merreikh na Vipers zote mbili zilimaliza mkiani mwa makundi yao.

Fadlu alipoondoka, Simba ikamchukua Dimitar Pantev. Kutoka wapi? Gaborone United, timu ileile iliyokuwa imetoka kuitoa siku chache nyuma. Pantev naye hakufika Krismasi, mwanzoni mwa Desemba 2025 wakaachana. Akafuata Steve Barker wa Stellenbosch, klabu ambayo Simba iliitoa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka huohuo. Barker ndiye aliyeipandisha Stellenbosch Ligi Kuu ya Afrika Kusini mwaka 2019, akakaa nayo miaka yote hiyo. Kule Stellenbosch nako nina hakika kuna watu walinuna.

Yanga nayo isicheke. Ramovic alipoondoka Februari 2025, Yanga ilimtangaza Miloud Hamdi, aliyekuwa ametambulishwa Singida Black Stars wiki chache tu kabla. Hamdi akabeba ubingwa Jangwani, msimu ukaisha, naye akaelekea Ismaily ya Misri. Na Simba, Septemba 2022 baada ya Maki, ilikwenda Tanga ikamchukua Juma Mgunda wa Coastal Union, ligi ikiwa inaendelea. Nani alililia Coastal?

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunapochukua sisi, tunasema klabu kubwa imemwona. Tunapochukuliwa, tunasema mpira wa Afrika umeoza.

SOKO LIPO KASKAZINI

Yapange majina pamoja uone picha. Vandenbroeck: Morocco. Maki: Misri. Nasreddine Nabi: Morocco. Ramovic: Algeria. Hamdi: Misri. Fadlu: Morocco. Makocha sita ndani ya miaka mitano, wote wamepitia Simba au Yanga na kuelekea Afrika Kaskazini.

Hii siyo bahati mbaya, ni soko. Klabu za kaskazini zina fedha nyingi kuliko sisi, na zimegundua kwamba kocha anayeweza kufanya kazi na presha ya Kariakoo anaweza kufanya kazi popote. Kwa lugha ya biashara, sisi tumekuwa wazalishaji. Tatizo ni kwamba tunazalisha na kugawa.

Linganisha na mchezaji. Fiston Mayele alipokwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, Yanga iliuza. Ilikaa mezani, ikavuta mkwanja, mashabiki wakahuzunika lakini wakasema angalau tumepata kitu. Mchezaji ana bei, ana dirisha la usajili, ana kibali cha uhamisho ambacho bila hicho hachezi. Kocha hana dirisha. Anaweza kuondoka Jumatatu na Jumamosi akakaa benchi jingine. Kitu pekee kinachosimama kati yake na mlango ni karatasi aliyosaini. Karatasi hiyo ikiwa dhaifu, mlango uko wazi.

Katika wale sita, Nabi ndiye aliyetoka kwa heshima ambayo kila mtu aliikubali. Alibeba ligi mara mbili mfululizo, akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 dhidi ya USM Alger, mkataba ukaisha, akaaga. Hakuna aliyemwita msaliti. Kwa nini? Kwa sababu pande zote mbili zilifika mwisho wa walichoandikiana. Hamdi naye angalau alisubiri msimu uishe. Mfano upo hapahapa nyumbani, tunautazama na kuupita.

WENZETU WANAWEKA BEI

Oktoba 2024 Manchester United walimtaka Ruben Amorim wa Sporting Lisbon. Sporting ilikuwa inaongoza ligi, na Amorim alikuwa mungu mdogo pale. Mashabiki wakanuna kama ambavyo tungenuna sisi. Lakini mkataba wake ulikuwa na mambo mawili: bei ya kuuvunja, Euro milioni 10, na notisi ya siku 30. United wakalipa, wakaongeza milioni moja ili apatikane mapema, na bado wakasubiri mpaka mapumziko ya timu za taifa ya Novemba. Sporting ikapata fedha na ikapata muda wa kujipanga. Mwisho wa msimu ikabeba ubingwa.

Nenda mbali zaidi, Marekani, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu unaochezwa na vyuo vikuu. Usione neno 'chuo' ukadhani ni bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Louisiana State, maarufu kama LSU, unaingiza zaidi ya watu laki moja. Huko kocha wa chuo analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, na hakuna jambo linaloandikwa kwa makini kwenye mkataba wake kuliko siku ya kuachana. Akifukuzwa, chuo kinalipa kiasi fulani. Akiondoka mwenyewe, yeye au chuo kinachomtaka kinalipa kiasi fulani. Na kwa kuwa vingi ni vyuo vya umma, mikataba hiyo mara nyingi inasomwa na kila mtu.

Sisemi huko ni peponi. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher na kukubali kumlipa takriban Dola milioni 76, zaidi ya Sh180 bilioni, ili asifanye kazi. Oktoba 2025 LSU wakamfukuza Brian Kelly wakiwa na deni la takriban Dola milioni 54 kwenye mkataba wake. Huo ni ugonjwa: viongozi wanaandika mkataba mrefu wakiwa na furaha, wanaulipa wakiwa na hasira. Na bei haikuzuia kila kitu. Novemba 30 mwaka huohuo Lane Kiffin aliiacha Ole Miss, iliyokuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja, ikisubiri mtoano wa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza, akaenda LSU kuchukua kiti cha Kelly. Ole Miss wakamwambia kama unaondoka, ondoka leo, na mtoano huo wakacheza na kocha mwingine.

Lakini tazama kilichotokea Penn State. Oktoba 2025 walimfukuza James Franklin, na kwa mujibu wa mkataba alikuwa anawadai takriban Dola milioni 49. Mwezi uliofuata akapata kazi Virginia Tech. Kwa sababu mkataba ulisema mshahara wa kazi mpya unapunguza deni la zamani, wakamalizana kwa Dola milioni 9. Kipengele kimoja kiliokoa milioni 40. Somo la Marekani kwetu ni hilo: mwandishi wa mkataba anaweza kuifilisi klabu au kuiokoa kabla hata mpira haujapigwa.

KANUNI ZIPO, TUNAZICHEZEA

Kuna watu watasema haya ni mambo ya matajiri. Hapana. Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina sehemu maalumu ya makocha. Zinasema mkataba uheshimiwe, na anayeuvunja bila sababu ya msingi alipe fidia. Kama mkataba hausemi kitu kingine, kocha aliyefukuzwa bila sababu ya msingi anadai mishahara iliyobaki mpaka mwisho wa mkataba, na akipata kazi mpya katika kipindi hicho, anachopata huko kinapunguzwa. Kocha anayedai mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, isipolipa anavunja mkataba kihalali na fidia anadai.

Zingatia yale maneno 'kama mkataba hausemi kitu kingine'. Maana yake FIFA imekupa kalamu. Unaweza kuandika bei yako mwenyewe. Usipoandika, wataamua wao, na ukishindwa kulipa unafungiwa kusajili. Klabu zetu zinakijua kifungo hicho, kimeshazikuta zaidi ya moja kwa madeni ya kuvunja mikataba.

Na ukienda FIFA bila kuwa umeandika bei, upande wako ni mgumu kuliko wa kocha. Yeye anaonyesha mshahara wake na miezi iliyobaki, hesabu imekwisha. Wewe klabu unatakiwa kuonyesha hasara uliyopata alipoondoka. Utaonyesha nini? Machozi ya mashabiki hayana risiti.

KIANDIKWE NINI

Mosi, bei ya mlango kwa pande zote mbili, na ishuke kadiri muda unavyokwenda. Kwa mfano kocha wa miaka miwili: akiondoka msimu wa kwanza, ilipwe mishahara ya miezi 12. Msimu wa pili, miezi sita. Msimu ukiwa umekwisha, miezi miwili. Klabu ikimfukuza bila sababu, hesabu iwe hiyohiyo. Bei ikiwa sawa kila upande, kila mmoja anafikiri mara mbili.

Pili, notisi ya siku 30, na marufuku kuondoka katikati ya mechi mbili za CAF. Akitaka kukatisha siku hizo, bei ipande kama ilivyokuwa kwa Amorim. Marufuku hiyo ibane na klabu, isimtimue kocha Jumamosi jioni wakati marudiano ni wiki ijayo.

Tatu, malengo yaandikwe kwa namba. Kila kocha anapofukuzwa tunaambiwa hakufikia malengo. Malengo gani? Kama ni kuingia makundi, iandikwe makundi, na akishindwa klabu iweze kuachana naye kwa bei nafuu. Akiyafikia, kufungwa na Tabora kusimpe mtu kisingizio.

Nne, benchi lisihame lote. Kocha wa kigeni anakuja na msaidizi wake, kocha wa viungo wake, mchambuzi wa video wake. Akiondoka wanaondoka wote, na kompyuta zao zinaondoka na taarifa zote za wachezaji. Iandikwe kwamba ripoti za mazoezi, vipimo na video ni mali ya klabu, na angalau watu wawili wa benchi wawe waajiriwa wa klabu wasiotegemea kocha mkuu.

Tano, wanachama waambiwe. Simba na Yanga ni klabu za wanachama hata baada ya kuingia wawekezaji. Kwenye mkutano mkuu tunasomewa mapato na matumizi. Pawe na mstari mmoja: mwaka huu tumeachana na makocha wangapi, tumelipa kiasi gani, tumelipwa kiasi gani. Mstari huo ukisomwa mbele ya watu, viongozi wataacha kufukuza kwa hasira za dabi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Najua hoja ya upande wa pili. Kwamba tukibana, makocha wazuri hawatakuja. Mimi naona kinyume. Kocha mzuri anaogopa zaidi kufukuzwa baada ya mechi mbili kuliko kulipiwa bei siku akitakiwa na Raja. Raja wana fedha, watalipa. Mkataba unaomlinda naye ni kivutio kuliko ahadi ya nyumba ya Masaki na gari.

WANAOBAKI

Nimalizie na watu ambao hawatajwi kwenye kelele hizi.

Mgunda tuliyemtaja juu alipochukuliwa Coastal mwaka 2022 aliitoa Nyasa Big Bullets, akaitoa Primeiro de Agosto ya Angola, akaipeleka Simba makundi. Januari akaletwa Robertinho, yeye akarudishwa nyuma. Baadaye akapelekwa Simba Queens. Aprili 2024 benchi lilipokuwa tupu tena akaitwa tena kuziba pengo. Msimu ukaisha, akaletwa mwingine kutoka nje. Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, amekaa benchi lile na makocha wengi kiasi kwamba kuwahesabu ni kazi. Wanakuja, wanaondoka, Matola yupo.

Kama kuna watu wameonyesha uaminifu kwenye soka letu ni hawa. Je, uaminifu wao umewalipa nini? Tunamwita msaliti anayeondoka na tunamwita 'wa muda' anayebaki. Kocha kijana wa Kitanzania anayetazama haya anajifunza kwamba ukitaka kuheshimiwa na klabu yako, uwe mtu ambaye anaweza kuondoka.

Kwa hiyo siku nyingine kocha akipanda ndege kwenda Casablanca au Algiers, tusianze na matusi kwenye ukurasa wake. Tuanze na swali kwa viongozi wetu: mkataba wake ulisema nini? Kama ulikuwa na bei na imelipwa, tumshukuru, tutafute mwingine kwa fedha hiyo. Kama haukuwa na bei, basi aliyetuacha njiani siyo kocha. Ni yule aliyekaa naye mezani siku ya kusaini, akapiga naye picha akiwa ameshika jezi, bila kufikiria siku ya kuachana.